Mwalimu Asiyehesabu Watoto

Kuna watu hapa Kihanga mpaka leo wakimkumbuka yule mwalimu wanacheka. "Yule wa mawe!" wanasema, mmoja anajishika mbavu, mwingine anaiga alivyokuwa anaruka. Mimi nacheka nao. Nikifika nyumbani ndipo najichukia, kwa kuwa mtu wa mwisho kabisa mwenye haki ya kumcheka ni mimi.

Sisi wanafunzi tulimwita Mwalimu wa Uwanjani. Jina lake nalijua, lakini nikiliandika hapa nitakuwa nimewaanika wanawe, na niliyowafanyia yanatosha. Alitoka wapi, baba yake nani, ukoo gani, hayo waulizeni wenye kazi hiyo. Mimi nasema nilichokiona, na nilianza kumwona nikiwa na miaka saba, mkono mmoja umeshika jembe la shule na mwingine umeshika sketi isidondoke.

Nilianza kuiona miguu yake. Walimu wengine hawakuvua viatu hata kama vimetoboka vidole vinachungulia. Yeye alifika na raba, akazivua mbele yetu, akazifunga kamba pamoja na kuzitundika shingoni, akakunja suruali mpaka chini ya magoti. Hapo tulijua somo limeanza. Alikuwa mrefu, mwembamba, na miguu yake ilikuwa myekundu kwa vumbi la uwanja kiasi kwamba hata siku ya ibada, amevaa soksi, ulihisi vumbi liko humo ndani.

"Simameni," alisema kila asubuhi. "Hesabu haikaliwi."

Watu wa wilayani baadaye walidhani mtindo huo aliutoa kwenye semina. Semina ipi! Mwaka wa vita, chumba cha Darasa la Kwanza kilijaa familia zilizokimbia mapigano upande wa mtoni. Walilala humo na mbuzi wao, wakapika humo, madawati mengine yakawa kuni. Mwalimu Mkuu wa wakati huo, mzee mpole, akamwambia, "Wewe na watoto wako tafuteni pa kukaa." Akatutoa nje. Hakukuwa na ubao wala chaki, na daftari alikuwa nalo mtoto mmoja kati ya watano. Akachukua majivu kwa yule mama mpishi wa uji, akachora mstari mrefu kuvuka uwanja mzima, akaukata vipande kwa hatua zake, na kila kipande akakipa namba. Vita vilikwisha, wale watu wakarudi kwao, chumba kikasafishwa kikapakwa chokaa. Yeye hakurudi ndani.

Kwenye mstari ule tulijifunza kujumlisha kwa kuruka mbele na kutoa kwa kuruka nyuma. Unasimama kwenye nane, anasema, "Toa tatu," unaruka kinyumenyume mara tatu, unatazama miguu yako imekanyaga namba gani. Ulikuwa na macho? Basi jibu unalo. Mimi nilikuwa kichwa kigumu kwenye kutoa. Siku moja alinisimamisha kwenye tano akaniambia nitoe saba. Nikaruka, nikaruka, nikapita sifuri, nikajikuta ndani ya migomba ya Mwalimu Mkuu, matope mpaka kwenye vifundo. Darasa zima likaangua kicheko, mimi nikaanza kulia.

"Usilie, mwanangu," akasema, naye anacheka. "Umefika kusikofika wenzako. Huko wanafundisha sekondari."

Sikuelewa. Miaka saba baadaye, kidato cha kwanza, mwalimu wa hisabati alipoandika namba hasi ubaoni na wenzangu wakaanza kukuna vichwa, mimi niliona migomba. Nikapata zote. Nikasifiwa mbele ya darasa kwamba nina akili, nikakubali sifa hiyo bila kusema niliitoa wapi.

Alitumia kila mchezo tuliokuwa nao. Rede, ile ya wasichana ambapo wawili wanakurushia mpira wa matambara nawe katikati unaujaza mchanga kwenye chupa huku unakwepa, aliigeuza kuwa kuhesabu viganja vya mchanga. Kamba tuliruka mbili mbili, tano tano. Vijiti tulifunga kumi kumi kwa nyuzi za mgomba, na mtoto aliyefunga tisa alikimbizwa uwanja mzima na wenzake mpaka akaokota cha kumi. Kulikuwa na watoto wa vibarua, wazazi wao walitoka Rwanda na Burundi kuja kulima vibanja, mashamba ya migomba ya watu, Kiswahili hawajui na Kinyambo, lugha ya kwetu, wakikisema wanachekwa. Kwenye madarasa mengine walikaa nyuma kimya mwaka mzima. Kwake walikuwa wakiongoza, kwa sababu kuruka hakuhitaji Kiswahili. Wazazi wetu wengine hilo halikuwafurahisha.

Lakini mchezo uliopendwa kuliko yote ulikuwa wa makundi. Tulizunguka uwanja tunakimbia, anapuliza filimbi na kupaza sauti, "Wanne wanne!" Hapo ni kukamatana. Kila mtu anatafuta watatu, mnashikana viuno, mnapiga kelele. Kisha anapita akigusa vichwa kundi kwa kundi, anahesabu kwa sauti, na sisi tunaitikia. Wasiopata kundi aliwaita "baki." Baki walisimama pembeni, kwenye jua, mpaka filimbi nyingine. Hivyo ndivyo nilivyojua kugawanya kabla sijajua kuandika jina langu.

Sasa hapo kwenye kugusa vichwa na kuhesabu ndipo mambo yote yalipoharibikia, na lazima nimweleze mama yangu.

Mama alikuwa mkristo wa kweli, hakosi ibada, anaimba kwaya. Lakini watoto wake hakuwahi kuwahesabu. Ukimwuliza, "Mama, una watoto wangapi?" anakujibu, "Hawa unaowaona." Hata watu wa sensa waliopita nyumbani aliwaambia hivyo hivyo, wakalazimika kutusimamisha mlangoni wahesabu wenyewe, na mama akaingia ndani asisikie. Hakuwa peke yake. Wazee wa kwetu wengi hawakuhesabu watoto wala ng'ombe. Ukihesabu, walisema, umekionyesha kifo pa kupunguzia. Walimu walijua na walipuuza, na wazazi walijua kwamba shuleni watu wanahesabiwa, wakafumba macho. Kimya kimya hivyo, tuliishi.

Mdogo wangu, wa pekee wa kiume, aliingia Darasa la Kwanza mimi nikiwa la tano. Alikuwa mtoto wa kuchelewa, mwenye kukimbia kwa hatua fupi fupi, na kila siku alirudi nyumbani analalamika: "Leo nimekuwa baki tena." Tulimtania. Hata mimi nilimwita Baki, Mungu anisamehe. Wiki moja akaanguka na surua. Zahanati ilikuwa mbali na dawa hazikuwepo, mama alimbeba mgongoni kwenda na kurudi, siku ya nne akafariki.

Msibani mama hakulia kama wanawake wengine. Alikaa kwenye majani pale uani, akasubiri. Mwalimu alipofika na walimu wenzake kutoa pole, mama alisimama akamwendea mbele ya watu wote.

"Ulimhesabu mwanangu," akamwambia. "Kila siku unamhesabu, unambakiza nje. Sasa amebaki nje. Umefurahi?"

Walimu wengine wakaanza kumtuliza, mmoja akasema mambo ya surua na chanjo. Mwalimu wa Uwanjani aliwapita akamsogelea. Alipiga magoti pale pale, mwanamume mzima na suruali yake ya msibani, mbele ya mama yangu.

"Mama, sitahesabu tena mtoto wa mtu," akasema. "Sitahesabu na sitaandika idadi yao, mpaka nakufa, labda wewe mwenyewe unifungue."

Watu waliguna. Baba alimwinua. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mama, nilisikia kila neno, na nilikuwa na umri wa kutosha kuelewa. Hili naomba mlishike, kwa sababu ndilo linalonikaba.

Kuanzia hapo kila mtoto alipofika asubuhi aliokota jiwe kwenye lundo lililokuwa kando ya uwanja, akalitupa kwenye debe. Yakihesabiwa, yanahesabiwa mawe. Mchezo wa makundi aliuacha moja kwa moja. Badala yake watoto walikimbia na mawe yao, wakayapanga manne manne, na lililozidi likawa ndilo baki. Mtoto hakuitwa tena jina hilo. Na kwenye daftari la mahudhurio aliweka alama ya kila mtoto kwa mkono wake unaoyumba, ila ile safu ya mwisho, ya jumla, aliiacha nyeupe. Mwalimu Mkuu mpole alijua sababu. Kila Ijumaa alichukua daftari, akajumlisha na kuijaza mwenyewe, hakumwambia mtu.

Msidhani namchora malaika. Alikuwa na maudhi yake. Kwa watoto wa wengine alikuwa na subira ya ajabu, lakini binti yake mwenyewe alimchapa kwa kukosea jambo dogo, na ukimtetea anakwambia, "Huyu ni wangu, hana pa kukimbilia." Alikuwa mbishi. Kwenye kikao cha walimu alianza kila sentensi na "Mimi sikusoma, lakini," halafu akakosoa wote waliosoma. Alikuwa mmoja wa wale walimu waliochukuliwa wakimaliza darasa la saba, wakafundishwa ualimu huku wanafundisha, taifa lilipotaka kila mtoto aingie shule. Daraja lake lilikuwa la tatu C, na wenye A walimtazama kama mtu aliyeingia harusini bila kualikwa. Chaki ilimwogopesha. Nilimwona mara moja ameitwa kuandika ubaoni mbele ya walimu wenzake, akaivunja chaki mara mbili kabla ya namba ya kwanza.

Alifanya mtihani wa kupanda daraja mara mbili, akafeli zote mbili. Somo lililomwangusha ni hisabati. Ebo! Mtu aliyefundisha nusu ya kata hii kuhesabu, alikaa kwenye dawati akapewa karatasi, akafeli. Aliporudi mara ya pili nilimkuta amekaa juu ya lundo la mawe, raba shingoni. Nilikuwa nimekuja likizo kutoka chuoni.

"Wamenikalisha saa tatu," aliniambia. "Miguu ikafa ganzi. Ningepewa uwanja ningewajibu."

Nilicheka nikidhani ni utani. Hakuwa anatania.

Nilirudi shule ile ile kufundisha, mwanzoni mwa miaka ya tisini, na cheti changu cha daraja la tatu A. Alifurahi kuliko baba yangu. Alinitembeza kwa kila mwalimu kana kwamba hawanijui: "Huyu nilimwanzisha mimi! Huyu alikwenda mpaka kwenye migomba!" Niliona aibu. Nilikuwa na miaka ishirini, nimevaa viatu vya kisigino, nataka kuheshimiwa, na huyu mzee wa miguu myekundu ananitaja na matope. Nikaanza kumkwepa.

Mwalimu Mkuu mpole alipokaribia kustaafu aliniita ofisini. Nilikuwa nimeshafanywa mwalimu wa taaluma. Akanifungulia daftari la mahudhurio la Darasa la Kwanza, akanionyesha ile safu ya mwisho.

"Hii naijaza mimi kila Ijumaa," akasema. "Wewe unajua kwa nini kuliko mimi. Nikiondoka, ifanye wewe. Wala usimwambie, anadhani inajazwa na karani wa kata."

"Nitaifanya, waitu," nilimwambia. Niliitikia kwa heshima ya kwetu, kama ninavyomwitikia mzee.

Niliifanya mihula miwili. Ilikuwa kazi ya nusu saa kwa wiki. Kisha kikafika kikao kimoja cha walimu. Mimi nilikuwa nafundisha la nne, nimesimama nasoma taarifa yangu ya taaluma, imepangwa vizuri, na mkuu mpya anatikisa kichwa kwa kuridhika. Mwalimu wa Uwanjani akanyoosha mkono.

"Mimi sikusoma, lakini watoto wa la nne hawajui kutoa. Niliwapa kumi na tatu watoe nane, wakachora vijiti kwenye daftari. Walikuwa wanajua nilipokupa. Umewakalisha mno, mwanangu."

Mwanangu, mbele ya kikao! Watu walijikohoza kuficha vicheko. Moyoni nilisema, haya, nawe ujaze safu yako mwenyewe. Ijumaa ile sikuligusa daftari lake. Wala iliyofuata. Zikapita wiki sita, na ndani ya wiki hizo niliona kama nimelipiza. Ndivyo nilivyokuwa. Naona aibu kuandika jambo dogo hivi, lakini ndilo lililotokea, hakuna kubwa zaidi nyuma yake.

Wiki ya saba akaja mkaguzi wa shule.

Alianza kwangu. Akaangalia azimio langu la kazi, akaangalia andalio la somo, akasema mbele ya mkuu kwamba ni mara chache anaona kazi safi namna hii katika shule za huku, na kwamba wilayani wanatafuta walimu wa kufanya wasaidizi wa wakuu. Nilijaa kama andazi. Kisha tukatoka wote, mkaguzi, mkuu, mimi na walimu wawili, tukaenda uwanjani.

Watoto walikuwa kwenye mstari wa majivu. Mwalimu alikuwa katikati yao, suruali imekunjwa, raba shingoni, anaruka nao. Alipotuona alisimama, akafuta mikono kwenye shati, akasalimia. Mkaguzi akamtazama miguuni, akanyoosha mkono kuomba daftari la mahudhurio. Akalifungua.

"Jumla hujaandika."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Wiki sita." Akafunua kurasa. "Leo una watoto wangapi?"

Mwalimu akalitazama debe. "Mawe thelathini na saba, mheshimiwa."

"Sikuulizi mawe. Nakuuliza watoto."

"Hawa unaowaona."

Mkaguzi akatugeukia sisi, uso umejaa mshangao wa mtu aliyeona kichekesho asichokitarajia. "Mnasikia? Mwalimu wa hesabu hajui kuhesabu!" Wale walimu wawili wakacheka. Mkuu mpya, ambaye hakujua lolote, akacheka pia kwa adabu. Watoto, kwa kuona wakubwa wanacheka, nao wakacheka.

"Nakupa nafasi," mkaguzi akasema. "Wahesabu hapa, mbele yangu. Mmoja, wawili, hata mtoto wa miaka mitano anaweza."

Mwalimu wa Uwanjani alisimama. Aliwatazama watoto, akanitazama mimi, akainamisha kichwa.

"Siwezi, mheshimiwa."

Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Sentensi moja ilitosha. Mheshimiwa, mtu huyu aliapa kwa mama yangu, kwenye msiba wa mdogo wangu, na hiyo safu ilikuwa kazi yangu nikaiacha. Nilikuwa nayo mdomoni. Lakini nilimwona mkaguzi na kalamu yake na ile sifa aliyonipa muda mfupi uliopita, nikajiona nikieleza mambo ya kuhesabu watoto na kifo, mimi wa daraja A, nikaona watakavyonitazama. Mama yangu mshamba, mimi binti wa mshamba. Nikatazama chini, nikajifanya naandika.

Mkaguzi aliandika kwamba mwalimu huyo hana uwezo wa kufundisha hesabu za awali. Mwezi uliofuata Darasa la Kwanza liliingizwa ndani, likapewa mwalimu kijana aliyewaimbisha namba kutoka ubaoni. Uwanja ulilimwa ukapandwa maharage ya shule. Yeye alipewa kusimamia jembe, yaani anafika asubuhi anawaonyesha watoto wa la sita na la saba pa kulima, anarudi kukaa chini ya ukuta wa stoo. Alivaa raba siku nzima. Mwaka uliofuata walipopunguza walimu wasiopanda daraja, jina lake lilikuwa la kwanza, akaenda kwenye kibanja chake Ihanda. Siku ya kuondoka alimpa kila mwalimu mkono. Wangu aliushika kama wa wengine. Mimi, baada ya muda, nilifanywa mkuu msaidizi.

Huyo kijana wa ubaoni ndiye aliyempokea binti yangu alipofika umri wa shule. Mtoto alirudi nyumbani akiimba moja mpaka mia bila kukosea, na nilipompa maharage kumi na mawili achague matano aliniuliza, "Mama, kwani tano inaanzia wapi?" Nilimchapa. Nilimchapa yeye kwa kosa hilo, unaweza kuamini?

Mama aliugua karibu na mwisho wa miaka ile ya tisini. Alikuwa amekonda, sauti imebaki ya kunong'ona, lakini akili yote ilikuwepo. Siku moja mchana, jua limepiga uani, aliniita nikae karibu.

"Yule mwalimu bado yupo?"

"Yupo Ihanda, mama."

"Mwambie nimemfungua. Nilikuwa na uchungu, nilimfunga mtu wa bure. Surua ilichukua watoto wa watu wengi ambao hawakuhesabiwa na mtu." Akapumzika. "Wewe mpeleke ujumbe. Usichelewe kama ulivyo na tabia ya kuchelewa."

Nilichelewa. Tulimzika, ikapita arobaini, mvua zikaanza zikaisha. Siku niliyoondoka na baiskeli kwenda Ihanda nilikuwa nimepanga maneno yangu njia nzima. Nitampa ujumbe wa mama, atalainika, ndipo nami nitasema la kwangu: daftari, wiki sita, na kunyamaza kwangu. Nilitaka anisamehe. Sikutaka kitu kingine duniani.

Nilimkuta nyuma ya nyumba anaanika kahawa. Alikuwa amezeeka vibaya, mgongo umepinda, lakini alinitambua kabla sijateremka.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa. Nasikia mama ametutoka. Sikupata nguvu ya kuja."

Mkewe akaleta ndizi za kuchoma na kikombe cha rubisi, pombe yetu ya ndizi. Nikampa ujumbe kama nilivyopewa, neno kwa neno. Nilisubiri uso wake ufunguke. Badala yake aliacha kutandaza kahawa, akakaa polepole kwenye gogo.

"Mama yako hakuwa na cha kunifungua," akasema. "Alikuwa sahihi, ila hakujua kwa nini."

Sikumwelewa.

"Siku ile ya mwisho aliyokuja shule, mdogo wako aliniambia, Mwalimu nasikia baridi. Jua kali, anasema anasikia baridi. Nilimshika kichwa kuhesabu kundi, nikahisi moto. Nilihisi, mwanangu. Nikamwambia, kimbia utapata joto, usijifanye mvivu. Alikimbia. Hakupata kundi. Nikamwacha pembeni kwenye jua mpaka kengele." Akaokota punje ya kahawa, akaimenya. "Ningemrudisha nyumbani asubuhi ile, mama yako angewahi zahanati ya misheni, iliyokuwa na dawa. Pale msibani sikuapa kwa sababu ya kuhesabu. Mimi siamini mambo hayo. Niliapa kwa sababu nilitaka adhabu, na hiyo ndiyo mama yako aliyonipa."

Nilikuwa nimeshika kikombe, sikujua nikiweke wapi.

"Mkaguzi alipoliuliza swali lile nilikuona umesimama," akaendelea. "Niliogopa utasema habari za msiba. Ungesema, ningelazimika kueleza yote mbele ya watoto. Ulivyonyamaza nilikushukuru sana. Nikasema, mtoto huyu ana utu, amenisitiri."

Amenisitiri! Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Hata sentensi yenyewe alinianzia. Nilifungua mdomo, na kilichotoka sicho nilichokibeba kutoka Kihanga.

"Kwa nini hukutuambia?" nilimwuliza, kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa.

"Niliogopa. Ni hilo tu." Akashuka kutoka pale alipokaa, akapiga magoti kwenye kahawa, mzee yule, kahawa inasagika chini yake. "Mama amekwenda kabla sijamwomba. Umebaki wewe. Nisamehe, mwanangu."

Ningeweza kupiga magoti pia. Tungekuwa wawili pale chini, na kila mmoja angejua la mwenzake. Lakini nilikuwa nimekaa juu ya kiti, naombwa, na baada ya miaka yote ile ilikuwa raha kuwa mwenye kuombwa. Na kwa haki nilikuwa na hasira, mdogo wangu alikuwa mdogo wangu. Nikatumia hasira hiyo kufunika kila kitu kingine.

"Nimekusamehe, Mwalimu," nikasema. "Inuka."

Aliinuka kwa shida akalia waziwazi, akanishika mikono yote miwili, akanishukuru na kunishukuru tena. Akamwita mkewe aje asikie kwamba nimemsamehe. Wakanifungia mkungu wa ndizi nyuma ya baiskeli. Alinisindikiza mpaka barabarani, akanishikia usukani mpaka nikapanda.